Kaburi Lililochimbwa Usiku wa Arusi

 

Kimo katika Kitabu cha Tobiti kisa ambacho huenda hamjakisoma, kwa maana Biblia nyingi hazina kitabu hicho. Sisi Waanglikana hukisoma kwa ajili ya mfano wa maisha, wala hatujengi mafundisho ya imani juu yake. Binti mmoja, Sara, alikuwa ameolewa mara saba, na waume wote saba walikufa usiku wa arusi. Kijana Tobia akaambiwa amwoe. Akaogopa, na ni nani asingeogopa? Alikuwa mtoto wa pekee wa wazazi wake. Hata hivyo alimpenda, akamwoa. Usiku ule baba mkwe, mzee Ragueli, aliamka akachimba kaburi, ili kijana akifa azikwe kabla majirani hawajajua. Mle ndani vijana wawili wanaomba. Huku nje jembe linalia. Mjakazi alipotumwa na taa kutazama, aliwakuta wamelala usingizi, wote wawili wazima. Ragueli akaamuru kaburi lifukiwe kabla ya mapambazuko.

Nchi yetu ya Turkana inayajua majembe hayo. Emuron asomapo matumbo ya mbuzi, au arushapo viatu vyake vya ngozi na kutazama jinsi vilivyoanguka, watu hunyamaza. Lakini tusiwalaumu ngimurok peke yao. Hata kipimo cha hospitali kilipata kuwa utabiri. Mwaka 1999, serikali ilipotangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, dawa zilikuwa ghali mno, na kuambiwa una virusi kulikuwa ni kuonyeshwa kaburi lako. Mwaka 2006 dawa zilianza kutolewa bure katika hospitali za serikali. Utabiri ule ukavunjika, ila midomo ya watu haijapata habari.

Tuchukue mfano. Msichana wa Kakuma alizaliwa na virusi. Tangu utoto amewasikia shangazi zake wakinong'ona kwamba hatafika miaka 20. Sasa ana miaka 23, humeza dawa zake kila jioni, na kijana wa Lodwar amesafiri kilomita 120 hivi kuja kumposa. Kijana anajua yote. Msichana mwenyewe alimwambia kabla ngamia na mbuzi hawajahesabiwa. Kwa hilo nampa heshima, maana siri ya namna hiyo ikifichwa hata baada ya arusi ni wizi.

Wazee wa kijana wanakataa. "Utazaa na kaburi?" Waganga wa hospitali wanajibu vema kuliko mimi: atumiaye dawa sawasawa mpaka virusi visionekane katika kipimo, na akaendelea hivyo, hamwambukizi mwenziwe kitandani, na mama aliye katika matibabu aweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Wengine humtaka mchungaji adai cheti cha kipimo kwa nguvu. Sheria iliyopitishwa mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili apate kuoa au kuolewa. Mimi nawashauri wachumba wapimwe kwa hiari yao, wote wawili, tena pamoja.

"Na akifa je?" Swali hilo si dogo, wala sitawadanganya. Dawa hizo ni za maisha yote, na kliniki huwa mbali sana wakati wa ukame, familia ihamapo na mifugo. Lakini basi na tumwulize kila bwana arusi swali hilo hilo. Katika kila arusi niliyofungisha nimewatajia maharusi mauti, mbele ya watu wote, maana kiapo chenyewe kinayo ndani yake. Yule mwenye afya naye ametabiriwa. Ila hana shangazi wa kumnong'onea.

Mzee wangu, unayesikiliza sasa na mwanao ameketi kimya pembeni: siku watakapokwenda kliniki, omba ufuatane nao. Muulize muuguzi kila linalokutisha, hata lile la aibu. Kisha rudini nyumbani mzungumze habari za mahari.