Hali ya hewa ya wiki: Riyadh yaanza kupata ahueni, Jeddah yazidi fukuto

Leo makala inaitazama Saudi Arabia, na hasa miji yake miwili mikubwa, Riyadh na Jeddah, wakati huu ambapo Agosti inamalizika na Septemba inabisha hodi. Katika miji hiyo wanaishi maelfu ya watu kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki: madereva, walinzi, mafundi wa ujenzi na wafanyakazi wa majumbani. Wengine hushuka Jeddah wakiwa safarini kuelekea Makka kwa ibada ya Umra. Swali lao wote katika majira haya ni moja: je, joto limeanza kupungua?

Kwa Riyadh jibu ni ndiyo, ingawa polepole. Kwa Jeddah jibu ni hapana, na huenda wiki zinazokuja zikawa nzito zaidi kwa mwili kuliko zile za Julai.

Tuanze na Riyadh. Mji mkuu huo upo katika uwanda wa Najd, katikati ya Bara Arabu, takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari na mamia ya kilomita kutoka pwani yoyote. Katika wiki kama hii ya mwisho wa kiangazi, joto la mchana huwa baina ya nyuzi 41 na 44 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi 27 au 30. Ifikapo mwisho wa Septemba, mchana huwa umeteremka hadi chini kidogo ya nyuzi 40. Pepo za shamali, ambazo mwezi Juni na Julai huvurumisha vumbi kutoka Iraq na kaskazini mwa rasi, nazo huwa zimelegea, ijapokuwa vumbi la hapa na pale halikosekani.

Hewa ya Riyadh ni kavu mno, na ukavu huo una faida yake. Jua likishatua, ardhi hupoteza joto kwa haraka kwa kuwa hakuna mvuke mwingi angani wa kulizuia. Ndiyo maana nafuu ya kwanza huonekana usiku na alfajiri kabla haijaonekana mchana.

Waarabu wa jangwani wana kalenda yao ya jambo hili. Kuanzia tarehe 24 Agosti au karibu na hapo, huanza kuhesabu siku za nyota ya Suhail, ambayo katika majira haya hurejea kuonekana alfajiri, chini kabisa upande wa kusini. Kwa mapokeo yao, Suhail ikichomoza usiku huanza kupoa, na msafiri hutahadharishwa asilale bondeni kwa kuchelea mafuriko. Nyota hiyo si ngeni kwa Waswahili. Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki waliifahamu kwa jina la Suheli, na neno hilo likatumika katika Kiswahili kwa maana ya upande wa kusini. Hata hivyo, nyota haipozi hewa. Kinachobadilika ni jua, ambalo mwishoni mwa Agosti huwa limekwisha kusogea kusini, na mchana nao hupungua urefu.

Jeddah ina hesabu nyingine kabisa, kwa sababu ipo ukingoni mwa Bahari ya Sham. Maji ya bahari huchelewa kupata moto, na huchelewa vilevile kupoa. Jua lilikuwa kali zaidi mwezi Juni, lakini bahari hufikia kilele cha joto lake mwishoni mwa Agosti na katika Septemba, maji ya juu yakizidi nyuzi 30. Upepo unaotoka baharini na kuingia mjini hubeba mvuke wa maji hayo. Kwa wastani, Septemba ndio mwezi wenye unyevunyevu mkubwa kuliko yote mjini Jeddah. Joto la mchana katika wiki kama hii huwa baina ya nyuzi 37 na 39, na usiku ni nadra kushuka sana chini ya 28.

Msikilizaji akilinganisha tarakimu hizo anaweza kudhani kwamba Jeddah ina nafuu: nyuzi 37 dhidi ya 42 za Riyadh. Lakini mwili wa binadamu hausomi kipimajoto. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho halipozi hadi likauke. Wataalamu hulipima jambo hili kwa kipimajoto ambacho ncha yake imefungwa kitambaa kilicholowa maji. Riyadh ikiwa na nyuzi 42 na unyevunyevu wa asilimia 10, kipimajoto hicho husoma takriban nyuzi 20 tu, maana maji yanakauka upesi na kupoza. Jeddah ikiwa na nyuzi 37 na unyevunyevu wa asilimia 60, kipimo hicho hufika nyuzi 30. Kikifika 35, hata mtu mwenye afya njema, aliyekaa kivulini na kunywa maji ya kutosha, hawezi kustahimili kwa saa nyingi, na anayefanya kazi nzito huingia hatarini mapema zaidi ya hapo.

Riyadh nayo ina hatari yake. Jasho likikauka papo hapo, mtu hajioni kama anatoka jasho, na hupoteza maji mengi bila kutambua.

Hapa ndipo inapokuja habari ya sheria. Saudi Arabia hupiga marufuku kazi za juani katika sekta binafsi kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa alasiri, kila mwaka kati ya tarehe 15 Juni na 15 Septemba. Marufuku hiyo imewakinga wengi, lakini inafuata saa na tarehe tu. Haitazami unyevunyevu. Tarehe 16 Septemba fundi wa Jeddah anaweza kurudishwa juani saa saba mchana, katika mwezi ule ule ambao hewa ya mji wake ina mvuke mwingi kuliko mwezi wowote. Aidha, wafanyakazi wa majumbani wana kanuni zao mbali, na marufuku hii haimtaji mwanamke anayeanika nguo darini wala kijana anayeosha magari uani.

Nchi jirani ya Qatar ilichukua hatua zaidi mwaka 2021. Mbali na kurefusha saa za marufuku ya kiangazi, iliamuru kazi zisimamishwe wakati wowote kipimo kinachojumlisha joto, unyevunyevu, jua na upepo kinapozidi nyuzi 32.1. Kanuni ya namna hiyo haingojei kalenda.

Jambo la tatu la kuangaliwa wiki hii ni ngurumo za alasiri. Mashariki ya Jeddah na Makka imesimama milima ya Hijazi, na Taif ipo juu yake. Kusini zaidi ni Al-Baha, Asir na Jazan. Upepo wenye unyevu hupanda milima hiyo mchana, mawingu hujengeka, na mvua ya radi huanguka baada ya alasiri. Sehemu ya unyevu huo huletwa na pepo zile zile za kusi zilizokuwa zikiyarudisha majahazi Arabuni kutoka Zanzibar, Mombasa na Lamu. Mara nyingine dhoruba hushuka hadi Makka, ikitanguliwa na upepo wa ghafla na vumbi.

Dhoruba hizo si za kupuuzwa. Tarehe 11 Septemba 2015, upepo mkali uliangusha winchi kubwa ya ujenzi katika Msikiti Mtukufu wa Makka, na watu zaidi ya 100 wakafariki dunia. Tarehe 22 Agosti 2023, dhoruba nyingine iliupiga mji huo usiku na kuwayumbisha mahujaji wa Umra. Anayesafiri kati ya Jeddah, Makka na Taif wiki hii na asikilize kwanza tahadhari za Kituo cha Taifa cha Hali ya Hewa, na asivuke bonde lenye maji kwa gari.

Kuhusu joto lenyewe, Hija ya Juni 2024 ilitoa somo chungu. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, na kwamba asilimia 83 ya waliofariki hawakuwa na vibali, wakitembea masafa marefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzika. Tofauti baina ya waliosalimika na waliofariki mara nyingi ilikuwa hema, basi lenye kipozahewa, au chupa ya maji.

Kwa hiyo, aliye Riyadh anywe maji kabla ya kuona kiu, na kazi nzito aifanye alfajiri. Aliye Jeddah asidhani kivuli pekee kinatosha. Anahitaji upepo, maji, na mapumziko ya mara kwa mara mahali penye ubaridi, hata usiku. Mwenzako akianza kuchanganyikiwa, akaacha kutoka jasho au akaanguka, hicho huenda ni kiharusi cha joto. Mwondoe kwenye joto, mmwagie maji, mpepee, na piga simu ya Hilali Nyekundu, nambari 997.

Riyadh itangoja hadi Oktoba kupata majioni ya kupendeza. Jeddah itasubiri hadi Novemba, bahari itakapoanza kupoa.