Tuta la Reli Lisichimbwe



Msafiri atokaye Vwawa kuja mpakani kwa treni hutazama mashamba. Ni nadra kukitazama kilichombeba. Leo tuzungumze juu ya udongo huo.

Mkataba wa kuijenga TAZARA ulitiwa saini Beijing Septemba 1967. Kazi ilianza Oktoba 1970, na Agosti 1973 reli ikafika hapa Tunduma, wakati huo tukiwa bado Mkoa wa Mbeya. Kwa urefu wote wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, udongo na mawe yaliyohamishwa ni mita za ujazo zipatazo milioni 89. Walioyahamisha ni Watanzania, Wazambia na Wachina. Na Wachina zaidi ya 60 walifia kazini, wakazikwa katika ardhi yetu.

Tuta si lundo la udongo uliomwagwa tu. Hujengwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka hushindiliwa kabla ya jingine kuwekwa. Kingo zake hulazwa kwa mteremko ili zisiporomoke, na nyasi huachwa ziote kwa kuwa mizizi huushika udongo. Chini yake hupitishwa makalavati. Maji yakizuiwa upande mmoja hupanda na kuloweka kiini cha tuta, na udongo uliolowa hauwezi kubeba uzito wa garimoshi. Hapo ndipo reli hubaki ikining'inia kama kamba ya kuanikia nguo.

Oktoba 1979 majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja la Chambeshi, Zambia, ili kuikata njia hii. Adui yule alihitaji baruti. Mwenzetu anayechimba udongo wa matofali miguuni mwa tuta, anayelima hadi ukingoni, au anayeziba kalavati kwa takataka, anaifanya kazi ileile kwa jembe, polepole, bila kelele. Mtaniambia kwamba mji umejaa na ardhi ni finyu. Ni kweli, wala simdharau mwenye shida ya shamba. Lakini shamba lile halitamfaa siku tuta litakapolifukia.

Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya maelewano ya kuifufua reli hii. Mabehewa mapya yatapita juu ya udongo uleule.

Mvua zetu huanza Novemba. Kabla ya hapo, hapana budi makalavati yazibuliwe, na mashimo ya matofali yafukiwe na kushindiliwa. Udongo uliomwagwa tu shimoni utachukuliwa na mvua ya kwanza.