Kalamu ya Karani na Rangi ya Taifa



Nchi nyingi zilizowahi kutawaliwa husherehekea siku zilipojitenga na mkoloni wa Ulaya. Jamhuri ya Dominika husherehekea tarehe 27 Februari, siku ilipojitenga mwaka 1844 na jirani yake Haiti, taifa lililoundwa mwaka 1804 na watumwa waliokata minyororo yao kwa mikono yao wenyewe. Mataifa hayo mawili yamegawana kisiwa kimoja katika bahari ya Karibi. Juu ya tarehe hiyo ndipo wakubwa walipoijenga historia rasmi isemayo kwamba Mdominika ni Mhispania na ni Mkatoliki, na kwamba weusi ni jambo la ng'ambo ya mpaka.

Ili isimame, historia hiyo ilibidi ifiche mengi. Waafrika walianza kuletwa Santo Domingo kwa nguvu tangu miaka ya kwanza ya karne ya 16. Mwishoni mwa 1521 watumwa wa shamba la miwa la Diego Colón, mwana wa Columbus, waliasi. Hayo yalikuwa miongoni mwa maasi ya mwanzo kabisa ya watumwa wa Kiafrika katika Amerika. Tena waliofuta utumwa upande wa mashariki wa kisiwa, mwaka 1822, walikuwa Wahaiti hao hao chini ya Rais Boyer. Kwa hiyo uhuru wa 1844 ulipotangazwa, watu weusi wa Monte Grande, karibu na mji mkuu, walishika silaha wakihofia kwamba utumwa unarudishwa kwa mlango wa nyuma. Hawakutulia mpaka viongozi wapya walipowahakikishia kwamba utumwa umekwisha milele. Taifa hilo, basi, lilikuwa na siku chache tu za kuzaliwa lilipolazimika kuwapa weusi wake ahadi.

Na ahadi hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 1861 Rais Pedro Santana aliirudisha nchi mikononi mwa Hispania. Kati ya 1863 na 1865 wananchi waliikomboa kwa vita, na mmoja wa majemadari wao mashuhuri alikuwa Gregorio Luperón, mtu wa asili ya Kiafrika. Hofu ya kurudi utumwani ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma wanyonge vitani.

Hapo lilizuka swali gumu kwa wasomi: nchi yenye wananchi wengi weusi na machotara itajieleza vipi bila kuitaja Afrika? Jibu lilitoka kwa Manuel de Jesús Galván, mtu ambaye aliwahi kuunga mkono kurudishwa kwa utawala wa Hispania. Riwaya yake, Enriquillo, iliyokamilika mwaka 1882, yamhusu mtemi wa Wataino, wenyeji wa asili wa kisiwa, aliyewapinga Wahispania katika karne ya 16. Kitabu kikaingia mashuleni. Wataino, ambao jamii zao ziliangamizwa na maradhi na kazi za shuruti katika miongo michache ya mwanzo, wakafufuliwa ili wawe mababu wa taifa. Marehemu hawana ubishi; ndiyo maana walifaa.

Aliyeitoa hadithi hiyo kitabuni na kuiweka mezani kwa karani ni Rafael Trujillo, dikteta aliyeitawala nchi tangu 1930 hadi alipouawa mwaka 1961. Kitambulisho kilikuwa na nafasi ya kujaza rangi ya mwenyewe. Karani alimtazama mwananchi mweusi aliyesimama mbele yake, akaandika “indio”, yaani Mhindi Mwekundu. Kama ni mweupe kidogo, “indio claro”. Kama ni mweusi zaidi, “indio oscuro”. Trujillo mwenyewe, ambaye bibi yake mmoja alikuwa wa asili ya Kihaiti, alijipaka poda usoni.

Yaliyoandikwa kwa wino yalifuatwa na panga. Watu wa mpakani walikuwa wamezoeana, wakioana na kusema lugha mbili katika soko moja. Mnamo Oktoba 1937 Trujillo aliamuru askari wake wawaue Wahaiti, na wengi waliouawa walikuwa wamezaliwa papo hapo. Inasimuliwa kwamba mtu alionyeshwa jani la kiungo na kuambiwa alitaje kwa Kihispania, “perejil”. Aliyeshindwa kuitamka “r” aliuawa. Kadirio linalotajwa sana ni watu 15,000. Trujillo alikubali kuilipa Haiti dola 750,000, na hata hizo hazikulipwa zote. Mwaka uliofuata alijitolea kuwapokea wakimbizi 100,000 wa Kiyahudi kutoka Ulaya. Waliofika walikuwa mamia tu, wakaokoka, nalo ni jambo jema. Lakini yeye alitaka kuisafisha sura yake na kuongeza weupe nchini.

Dikteta alikufa, mwandishi wake akabaki. Joaquín Balaguer, aliyeitetea serikali ya Trujillo mbele ya mataifa, alikuwa rais kwa vipindi kadhaa hadi 1996, na katika kitabu chake cha 1983 alirudia hoja kwamba Haiti ni hatari kwa damu ya taifa. José Francisco Peña Gómez, mweusi aliyezaliwa mwaka 1937 na wazazi wa asili ya Kihaiti na kulelewa na Wadominika, alipogombea urais mwaka 1994 na 1996, wapinzani walimwita mgeni. Hakuupata.

Tarehe 23 Septemba 2013 Mahakama ya Katiba ilihukumu shauri la mwanamke mmoja, mzaliwa wa nchi hiyo, aliyepeleka cheti chake cha kuzaliwa ili apate kitambulisho, akanyimwa kwa sababu wazazi wake walikuwa Wahaiti. Mahakama iliamua kwamba watoto wa wageni wasio na kibali, waliozaliwa tangu mwaka 1929, hawakuwa raia kamwe. Makadirio yaliyotajwa sana yalifika watu 200,000. Baada ya kelele za mataifa, sheria ya 2014 iliwarudishia uraia wale waliokuwa wameandikishwa. Wale ambao kuzaliwa kwao hakukuandikwa popote walitakiwa kwanza wajiandikishe kuwa wageni, katika nchi waliyozaliwa.