Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone
Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani



Katibu aliponiandikia nije kuzungumza nanyi, alitazamia kuwa nitazungumza juu ya mipango ya maendeleo, kwa kuwa ndiyo kazi inayonipa mshahara. Nilimwomba ruhusa nizungumze juu ya miti na mizizi ya porini. Huenda wengine mtasema mwenzetu ametoka njiani. Naomba mnivumilie, maana mwishoni mtaona kwamba habari ni ile ile.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku kwetu Kusini mgeni tuliyempokea kwa heshima kuliko wote ni mkorosho. Asili yake ni Brazili, na Wareno ndio walioufikisha katika pwani ya Afrika ya Mashariki katika karne ya 16. Leo mkorosho una mwenyewe. Unapaliliwa, unapogolewa, unapulizwa salfa usipatwe na ubwiriubwiri, na korosho zake zinapimwa ghalani na kupigwa mnada. Mimi mwenyewe ada yangu ya shule ilitoka katika mikorosho ya baba, na wengi wenu hapa ni hivyo hivyo. Sitausema vibaya mti ulionisomesha. Ninachouliza ni hiki: mgeni amekuja, je, wenyeji wamepona?

Nimezaliwa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde. Kwenu vijana mliotoka mbali, ukisimama hapa Masasi uko chini, katika nchi ya majabali na miombo. Ukienda Newala unapanda ngazi ya mlima mpaka juu, na upande wa pili, pale Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla na unaliona bonde la Ruvuma limelala chini yako. Uwanda ule zamani ulikuwa umefunikwa na vichaka vizito, vilivyosokotana hata mtu asiye na panga hapiti. Wazee wetu walifyeka kipande, wakalima miaka michache, wakahamia kipande kingine, na kichaka kikarudi nyuma yao. Mkorosho haukubali utaratibu huo. Ukishapandwa unakaa pale miaka mingi, na kichaka hakirudi tena. Watu walipohamishiwa katika vijiji katika miaka ya 1970, mashamba ya karibu yalilimwa mfululizo bila kupumzishwa. Hivyo vichaka vikapungua, kipande baada ya kipande, na hakuna mtu mmoja wa kulaumiwa.

Ndani ya vichaka hivyo ndimo inamoota ming'oko. Vijana wa hapa hawahitaji kuelezwa, lakini kwa faida ya wageni nitasema kuwa ni mizizi ya mmea wa porini unaotambaa na kupanda juu ya miti, jamaa ya viazi vikuu. Wataalamu wanauita Dioscorea hirtiflora. Ming'oko huchimbwa, huchemshwa, humenywa na kuliwa, na imewavusha watu wengi wa Mtwara na Lindi katika miezi ya njaa. Bibi yangu alikuwa mchimbaji hodari. Alikuwa na desturi moja ambayo nilipokuwa mtoto niliiona ni kuchelewesha tu safari ya nyumbani: akishatoa mizizi, alikirudisha kichwa cha mmea shimoni, akakifukia na kukikanyaga kwa mguu. Nikimwambia, "Bibi, twende, jua linazama," alijibu, "Ngoja nimrudishe mwenye nyumba."

Leo ming'oko inauzwa kwa mafungu kando ya barabara na sokoni. Mchimbaji wa kuuza ana haraka kuliko mchimbaji wa kula. Anatoa yote, anaacha shimo wazi, anaenda mbele. Tena vichaka vyenyewe ni vichache, kwa hiyo wachimbaji wote wanakutana pale pale.

Sasa nishuke kutoka uwandani nije huku bondeni, katika miombo, kwenye mti ambao jina letu limesafiri nao duniani. Nasema mpingo, mti unaohesabiwa kuwa mti wa taifa letu. Kiini chake ni cheusi, na uzito wake ni wa namna kwamba ukikitupa majini kinazama. Ulaya hutengenezwa kwa mpingo klarineti, obo na zumari za Waskoti. Wamakonde wamechonga vinyago vya mpingo vinavyowekwa katika majumba ya makumbusho. Watu wengi hawajui kwamba wazee wa zamani walichonga zaidi mbao laini, kama zile za barakoa za mapiko, na kwamba vinyago vya mpingo vilienea hasa katika karne ya 20, biashara ilipokua.

Mpingo hauna haraka. Huchukua kiasi cha miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Fikirini maana yake. Mpingo uliochipua mwaka aliozaliwa babu yako ndio huenda ukafaa kukatwa leo. Hakuna mtu anayepanda mpingo kwa ajili ya mfuko wake mwenyewe.

Hapa, Ndugu Mwenyekiti, nina jambo la kukiri mbele ya wenzangu.

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya mto Rufiji. Tulifurahi sote, na tulikuwa na haki ya kufurahi, kwa sababu tulikuwa tumekwama mno. Lakini malori yaliyoshuka na saruji na nguo yalipanda na magogo. Mimi nilikuwa nimemaliza Chuo Kikuu, nikaanza kazi mwaka 2005 katika halmashauri moja ya Kusini, nikiwa afisa mipango mgeni, mwenye kalamu mpya. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kukusanya takwimu za mapato. Niliona ushuru wa mazao ya misitu umepanda. Nikachora jedwali zuri, nikaandika sentensi ya kusifu juhudi za ukusanyaji, na nikasifiwa kwa jedwali lile. Sikuuliza hata siku moja ni miti mingapi iliyosimama nyuma ya tarakimu zangu, wala ni mingapi iliyopita usiku bila kuandikwa. Sikukata mti wala sikula rushwa. Nilijumlisha tu, na kujumlisha kwangu kuliwafanya wakubwa wangu waamini kuwa mambo ni mazuri.

Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa taarifa juu ya biashara ya magogo ya Kusini. Ilikadiria kuwa hadi asilimia 96 ya mapato yaliyopaswa kupatikana kutokana na mbao yalikuwa yanapotea. Niliisoma usiku mmoja, nikalikumbuka jedwali langu, na sikulala vizuri.

Baadaye nilimtembelea mzee mmoja mchongaji, ambaye kwa miaka mingi alipata magogo yake karibu na kijiji chake. Nilimkuta anachonga kipande kisichozidi urefu wa mkono. Baada ya kumwamkia nikamwuliza, "Mzee, siku hizi unapenda vinyago vidogo?" Akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, sipendi vidogo. Mti ndio umekuwa mdogo." Nikamwuliza kwa nini kijiji hakikuwazuia wakataji. Akaweka tezo chini. "Tuwazuie kwa neno gani? Mkorosho wangu akiukata mtu, nampeleka kwa mtendaji. Mpingo wa porini wa nani? Walikuja na karatasi, sisi hatukuwa na karatasi."

Ndugu zangu, jibu lile ndiyo sababu iliyonileta hapa. Tumezoea kusema kuwa miti ya asili inakwisha kwa sababu wananchi hawana elimu. Mzee yule alikuwa na elimu ya mpingo kuliko mimi na shahada yangu. Alichokosa ni uwezo wa kusema, "Huu ni wetu." Mgeni mkorosho umepona kwa sababu una mwenyewe. Mwenyeji mpingo na mwenyeji ming'oko vinapungua kwa sababu tumeviandika katika daftari la pori, na pori tumelihesabu kuwa mali ya anayewahi.

Bahati nzuri karatasi aliyoikosa mzee ipo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi katika ardhi yake, kuuwekea mpango wa usimamizi na sheria ndogo, na kubaki na mapato yake. Jirani zetu wa Kilwa wamelifanya hilo. Mradi wa kuhifadhi mpingo ulioanza kule ulivisaidia vijiji kupima misitu yao na kuhesabu miti. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora, na huo ulikuwa msitu wa asili wa wanakijiji wa kwanza katika Afrika kupata cheti hicho kwa ajili ya mpingo. Kijiji kinavuna miti michache kwa mpango na kulinda iliyobaki, na fedha inaingia katika kazi za kijiji. Wale si malaika. Wamepata mali, basi wanailinda kama sisi tunavyolinda mikorosho.

Ulimwengu nao umeweka mkono. Tangu tarehe 2 Januari 2017 mpingo na jamaa zake wote wamo katika orodha ya mkataba wa CITES, ambao unataka mti usitoke nchini bila kibali cha kuonyesha kuwa umevunwa kihalali. Lakini kibali cha bandarini hakiwezi kumsaidia mwanakijiji ambaye gogo lake limekwisha kuondoka.

Vijana wanaweza kuniuliza: je, mti ukiwa umekwisha kupotea, kuna haja gani? Nitawajibu kwa habari ya jirani zetu wa Lindi. Kuna mti mmoja wenye maua mekundu na shina la miiba, uitwao Erythrina schliebenii, kwa jina la Mjerumani Schlieben aliyekusanya mimea huku katika miaka ya 1930. Mwaka 1998 uliandikwa kuwa umetoweka duniani. Mwaka 2001 ukaonekana tena, kisha ikahofiwa kuwa umekwisha baada ya msitu wake kufyekwa kwa ajili ya kilimo cha mimea ya mafuta. Mwaka 2011 wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta tena katika mabaki ya misitu ya pwani ya Kilwa na Lindi, miti mikubwa isiyofika 50. Mti ule uliponea katika kipande ambacho jembe halijakifikia. Basi msidharau vipande. Kichaka kilichobaki nyuma ya makaburi, au kwenye ngazi ya mlima ambako trekta haliwezi kupanda, huenda ndicho ghala la mwisho la kitu ambacho hata jina hatujakipa.

Nimalizie kwa mambo matatu ya kufanya, maana mtumishi wa mipango hawezi kuondoka bila mipango.

La kwanza nawaambia wenzangu mlioko katika halmashauri, mahakama, benki na vyama vya ushirika. Kijiji kinachotaka kutenga msitu kinahitaji ramani, muhtasari wa mkutano mkuu, sheria ndogo na mtu wa kufuatilia faili. Haya ndiyo tunayoyajua. Kila mmoja wetu achague kijiji kimoja cha kwao alifuatilie faili lake mpaka mwisho. Mimi nimeanza na kijiji cha yule mzee.

La pili ni la shule. Nyuma ya viwanja vyetu kuna miombo tuliyokuwa tukikata kuni na fimbo. Juzi nilizunguka humo na mwalimu wa biolojia, tukakuta mipingo michanga mingi iliyoungua moto na kuchipua tena kutoka mizizini. Haihitaji kupandwa. Inahitaji barabara ya kuzuia moto na watu wa kuihesabu. Naomba Umoja wetu ugharamie vibao, panga na daftari, na kila kidato cha kwanza kikabidhiwe kipande chake, kikihesabu miti kila mwaka mpaka kitakapomaliza shule. Kule Kilimanjaro marehemu Sebastian Chuwa, aliyefariki mwaka 2014, alipanda mipingo kwa miaka mingi pamoja na watoto wa shule. Vijana wa Masasi hawatashindwa.

La tatu ni kwenu vijana mtakaokwenda likizo. Mkichimba ming'oko, kirudisheni kichwa shimoni. Mkiulizwa sababu, semeni mnamrudisha mwenye nyumba.

Mimi sitauona mpingo wa shule hii ukifikia kuvunwa. Hata ninyi wa kidato cha kwanza mtakuwa wazee sana. Lakini shule haizeeki kama mtu, ndiyo maana naiomba shule iwe mwenyewe wa miti hii. Nikijaliwa uhai, katika mkutano wetu ujao nitaomba nisomewe daftari, na safari hii nitauliza miti iko wapi kabla ya kusifu tarakimu.