Tiba ya Mpasuko wa Mdomo na Kaakaa, na Wajibu wa Usharika

Hotuba iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa dayosisi katika sherehe za jubilei ya miaka mia moja, Mitundu



Nimeombwa na Kamati ya Jubilei kuzungumza juu ya jambo moja katika huduma ya afya ambalo lina nafasi katika karne ya pili ya usharika huu. Nimechagua hali ya watoto wanaozaliwa na mpasuko wa mdomo au wa kaakaa. Wengi wetu tumeizoea kwa jina la mdomo wa sungura. Naomba kuanzia leo tuliache jina hilo. Mtoto wa mtu hafananishwi na mnyama wa porini, na jina baya humtangulia mtoto shuleni, kisimani na hata kanisani kabla hajafungua kinywa chake.

Kwanza tuelewe hali yenyewe ni nini. Uso wa mtoto huumbika mapema sana tumboni. Sehemu zinazotoka pande mbili hukutana katikati na kuungana. Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya nne na ya saba ya mimba, na kaakaa hufuata baada ya hapo. Sehemu hizo zisipoungana, mtoto huzaliwa na uwazi. Uwazi huo waweza kuwa wa mdomo peke yake, wa mdomo pamoja na ufizi na kaakaa, au wa kaakaa peke yake. Mara nyingi mambo haya hutimia mama akiwa bado hajajua vizuri kwamba ni mjamzito.

Kuhusu chanzo, wataalamu wanafundisha kwamba hakuna sababu moja. Yako yanayorithiwa katika nasaba, na yako yanayotokana na hali ya mama wakati wa mimba, kama vile uvutaji wa tumbaku, kisukari na baadhi ya dawa za kifafa. Katika watoto wengi hakuna awezaye kuonyesha sababu kwa kidole. Lililo wazi ni kwamba hali hii haitokani na laana, wala uchawi, wala mama kumcheka mlemavu au kumtazama sungura. Wanafunzi wa Bwana walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza dhambi ni ya nani, yake au ya wazazi wake. Naye Bwana alilikataa swali lenyewe, kisha akamponya yule mtu. Nasi tufuate utaratibu huo huo.

Tiba ipo, na ni ya zamani. Kumbukumbu za Uchina zinamtaja kijana aitwaye Wei Yang-Chi, wa karne ya 4, ambaye mdomo wake ulikatwa na kushonwa na tabibu, kisha akaagizwa kula uji tu, asicheke wala asiseme kwa siku mia moja. Katika zama zetu, mwaka 1955, daktari Mmarekani Ralph Millard aliwaeleza wenzake mjini Stockholm namna ya kuuzungusha na kuusogeza mdomo uliopasuka ili kovu lifuate mstari wa asili chini ya pua. Njia yake, pamoja na marekebisho yaliyofuata, imetumika duniani kote. Kwa kawaida mdomo hushonwa mtoto anapofikia miezi mitatu hivi, na kaakaa kati ya miezi tisa na kumi na minane, kabla hajazoea kusema vibaya. Kanuni iliyozoeleka kwa upasuaji wa mdomo ni ya makumi: mtoto awe na wiki 10, uzito wa ratili 10, yaani kilo 4.5 hivi, na kipimo cha wekundu wa damu kisichopungua 10.

Ndugu zangu, ikiwa tiba inajulikana, kwa nini bado tunakutana na watu wazima ambao hawakuipata? Hapa ndipo utafiti unapotusaidia, nami naomba mnifuate kwa makini.

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, na Daktari Mange Manyama, Daktari Japhet Gilyoma na wenzao. Walipitia kumbukumbu za wagonjwa 240 waliofika pale wakiwa na mipasuko ya mdomo na kaakaa. Walikuta kwamba upande wa kushoto ulikuwa na asilimia 43.7, upande wa kulia asilimia 28.8, na pande zote mbili asilimia 18.3. Waliokuwa na mpasuko wa mdomo peke yake ndio waliokuwa wengi zaidi, wakifuatwa kwa karibu na wenye mdomo na kaakaa pamoja. Hali hii ni tofauti na taarifa za Ulaya na Asia. Wenye mpasuko wa kaakaa peke yake walifika wakiwa wadogo sana, wastani wa umri wao ukiwa mwaka mmoja. Na waliokuwa na kasoro nyingine za kuzaliwa pamoja na mpasuko walikuwa asilimia 2.8 tu.

Huo ni utafiti mzuri, uliofanywa na Watanzania pamoja na wenzao wa nje, na hesabu zake ni za kweli. Lakini tujiulize: ni hesabu za nani? Ni hesabu za waliofika. Daftari la hospitali haliwezi kumwandika mtoto ambaye hakufikishwa mlangoni. Mpasuko wa mdomo huonekana na kila mtu, kwa hiyo huyo aweza kuletwa hata akiwa na miaka ishirini. Mpasuko wa kaakaa umefichwa ndani ya kinywa. Mtoto huyo huvuta ziwa bila kupata kitu, maziwa humtokea puani, hulia, huchoka, hukonda. Na majirani husema mtoto amekataa ziwa. Akifariki katika wiki ya tatu, huzikwa bila mtu kujua jina la hali iliyomwua. Vivyo hivyo mtoto mwenye mpasuko na kasoro ya moyo aweza kufa kabla ya safari kuanza. Basi tunapoona kwamba kundi fulani ni dogo katika daftari la hospitali, haifai kufanya haraka kumshukuru Mungu kwa udogo wake. Inawezekana kundi hilo ni dogo hospitalini kwa sababu ni kubwa makaburini.

Hata makadirio ya dunia yanapishana. Yako yanayosema mtoto mmoja kati ya 700, na Shirika la Afya Duniani hutaja mmoja kati ya 1,000 hadi 1,500. Sehemu ya tofauti hiyo hutoka katika ugumu wa kuhesabu, hasa mahali ambapo akina mama hujifungulia nyumbani.

Watafiti hawakuishia kwenye madaftari. Huko huko Mwanza, Daktari Manyama na wenzake wa Kanada na Marekani walipima sura za watoto wazima wa afya zaidi ya 3,000 pamoja na vinasaba vyao, wakachapisha matokeo mwaka 2016, ili kujua jinsi uso wa mtoto wa Kiafrika unavyokua katika hali ya kawaida. Maana asiyejua ukuta ulivyojengwa hawezi kueleza ufa umetoka wapi. Mwaka 2019 watafiti waliochunguza familia za Ghana, Ethiopia na Nigeria walitangaza sehemu mpya za vinasaba zinazohusiana na mpasuko wa kaakaa. Kazi hizi ni za heshima, nazo zitazaa matunda. Hata hivyo hakuna maabara iwezayo kumtoa mtoto katika nyumba iliyomficha.

Na hapa ndipo usharika unapoingia. Mitundu iko kusini mwa Itigi, katika barabara iendayo Rungwa, na vitongoji vyake vimetawanyika katika vichaka na misitu ya miombo. Mganga bingwa hawezi kufika kila nyumba. Lakini mwinjilisti hufika, mzee wa kanisa hufika, na akina mama wa usharika hufika mtoto anapozaliwa, wakiwa na uji na kuni. Ninyi mko mahali ambapo utafiti wa hospitali haufiki. Kwa hiyo napendekeza mambo manne.

La kwanza, kila mtoto anayezaliwa atazamwe ndani ya kinywa. Hili ni kazi ya mhudumu wa zahanati, lakini mama aliyejifungulia nyumbani ahimizwe kumpeleka mtoto mapema ili kaakaa lake litazamwe kwa mwanga. Maziwa yakimtoka mtoto puani, asingoje.

La pili, mtoto alishwe ili aifikie siku ya upasuaji. Mwenye mpasuko wa mdomo tu mara nyingi aweza kunyonya, titi likiziba ule uwazi. Mwenye mpasuko wa kaakaa akamuliwe maziwa ya mama yake katika kikombe safi, anyweshwe polepole kwa kijiko au kikombe, akiwa amekalishwa wima, na apumzishwe mara kwa mara ili atoe hewa. Apimwe uzito kila wiki. Mjini Arusha iko nyumba iitwayo Plaster House, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambamo watoto hutunzwa kabla na baada ya upasuaji. Wengine hulishwa kwanza mpaka wapate uzito wa kuingia chumba cha upasuaji. Kazi ya kulisha yaweza kuanzia hapa hapa, katika jiko la mama.

La tatu, safari. Shirika la Smile Train, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, hugharimia upasuaji huu unaofanywa na madaktari wenyeji katika nchi nyingi, yetu ikiwamo. Kwa hiyo mara nyingi kikwazo si bei ya upasuaji. Kikwazo ni nauli, chakula cha njiani, na nani atabaki na watoto wengine na shamba. Idara ya diakonia iwe na mfuko mdogo kwa ajili hiyo. Safari ianzie kwa waganga wa Itigi, katika Hospitali ya Mtakatifu Gaspar ya ndugu zetu Wakatoliki, ili wapeleke taarifa na kuuliza hospitali ipi itampokea mtoto na siku gani, mama asije akasafiri bure. Na baada ya upasuaji asiachwe: aliyeshonwa kaakaa huhitaji kuangaliwa masikio, meno na usemi kwa miaka.

La nne, daftari. Kwa vizazi kadhaa Kanisa letu limeandika ubatizo, ndoa na mazishi. Mchungaji na wazee waweze pia, kwa ridhaa ya wazazi na kwa siri ipasayo, kuandika mtoto aliyezaliwa na mpasuko: lini alizaliwa, lini alipelekwa, lini alishonwa, na kama hakuishi, alifariki lini. Mistari michache tu. Daftari la namna hiyo likitunzwa kwa uaminifu katika sharika nyingi, siku moja daktari wa Bugando au wa Muhimbili atakuja kuomba ruhusa ya kulisoma, naye atapata humo kile ambacho daftari lake mwenyewe haliwezi kumpa, yaani habari za wale ambao hawakufika.

Wapendwa, waliotutangulia walijenga hospitali pamoja na makanisa. Haydom, jirani yetu katika wilaya ya Mbulu, ilifunguliwa mwaka 1955, wakati nchi hii ilikuwa na madaktari wachache mno. Leo madaktari wapo, na wengi wao ni watoto wetu. Sehemu iliyobaki ya kazi, kutoka mlango wa nyumba mpaka mlango wa hospitali, ni ya kwetu. Mtoto atakayezaliwa wiki ijayo katika kitongoji cha mbali, akiwa na uwazi katika kaakaa, ana siku chache tu za kugunduliwa. Naomba Halmashauri ya Usharika ilipange jambo hili katika kikao chake cha kwanza baada ya jubilei.