Paja la Elfu Hamsini

Abiria wa bodaboda amegongwa na gari, mfupa wa paja umevunjika. Hata hajapandishwa kwenye bajaji ya kumkimbiza hospitali, mwenye gari keshachomoa elfu hamsini: "Kaka, tuyamalize hapahapa." Na wapo wanaopokea. Paja hilo likitiwa chuma huchukua miezi mitatu hadi sita kuunga, pengine zaidi, na majeruhi mwenyewe ni machinga, riziki yake ni miguu.

Sheria ya Tanzania inamtaka kila mwenye chombo cha moto akikatie bima ya kuwafidia wengine anaowadhuru barabarani. Kwa hiyo madai hayaishii mfukoni mwa dereva. Ila bima hailipi simulizi. Inataka PF3 ya polisi, ripoti ya daktari, mchoro wa trafiki, risiti hadi za dawa za maumivu. Hizo risiti, jamani, ndizo tunazofungia karanga.

Kesi ya fidia ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3. Yaonekana mingi, lakini ukiwa na magongo kwapani, wa kwanza wote huishia kliniki.