Haki ya Ardhi na Utunzaji wa Udongo Mlimani Kilimanjaro



Mtu apandaye kutoka mjini Moshi kuelekea Kibosho, Machame au Marangu huona mambo mawili kwa macho yake. Tambarare, kwenye mashamba ya mahindi na maharage, udongo mara nyingi hubaki mtupu baada ya mavuno. Juu, katika vihamba, migomba, mibuni na miti ya kivuli imeifunika ardhi mwaka mzima. Mara nyingi mkulima ni yule yule, na jembe ni lile lile. Kwa nini basi utunzaji uwe mbalimbali?

Mvua na umbali ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni haki. Kihamba hurithiwa. Kwa mila ya Wachagga, kitinda mimba hubaki na nyumba ya baba. Mipaka hupandwa masale, na wazee huzikwa humo humo. Mashamba ya tambarare, kinyume chake, zamani yaligawiwa na Mangi, na haki juu yake haikuwa na mizizi kama hiyo. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, lakini hadi leo wapo walimao huko kwa kukodi msimu mmoja mmoja.

Tazameni njia ya samadi. Mabua na majani hukatwa tambarare, yakabebwa hadi juu kulishia ng'ombe wa zizini, na samadi huishia mgombani. Shamba la chini linatoa kila mwaka, wala halirudishiwi. Mkulima wa kukodi halaumiki, kwa maana makinga maji achimbayo leo yatamfaidi mwingine kesho.

Hapo wengine husema: wapeni wakulima hati, udongo utapona. Neno hilo lina ukweli, ila si ukweli wote. Vihamba vilitunzwa vizazi na vizazi bila karatasi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Sifa hiyo haikuletwa na hati. Ililetwa na uhakika: mkulima alijua, na jirani alijua, kwamba ardhi ile ni yake na ya wanawe.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, imelizingatia jambo hilo. Inaipa haki ya kimila hadhi sawa na haki iliyotolewa na Serikali. Papo hapo inamtaka mwenye ardhi aitunze, na ailime kwa kufuata kanuni bora za ukulima zilizozoeleka mahali pale. Haki na wajibu vimefungwa pamoja.

Lakini hati iliyoandikwa bila uangalifu yaweza kuharibu. Mlimani, abebaye majani na kumwaga samadi mara nyingi ni mama. Jina likiandikwa la mume peke yake, au la mtoto aishiye mjini, karatasi itampa uhakika asiyeshika jembe na kumwondolea aliyelishika. Sheria hiyo hiyo inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Wanawake wangapi vijijini wameelezwa hivyo?

Hapana budi kazi ianzie hapo. Ofisa wa ardhi afike shambani na kuuliza ni nani anayelima kabla ya kuandika jina. Halmashauri ya Kijiji ihimize ukodishaji wa tambarare uwe wa miaka kadhaa na uandikwe, ili mkodishwaji naye aone faida ya kuchimba makinga maji. Mwalimu aifundishe sheria hii kwa vijana, wavulana na wasichana, kabla hawajaanza kugawana kihamba cha baba yao.